Likasi: Mashavu ya mtoto yanafurahisha wazazi, lakini hayasemi yote

Siku ya kupima watoto, akina mama wa Likasi wanafika kwenye kituo cha afya mapema, kabla jua halijaanza kuchoma. Watoto wanavuliwa nguo, wanaingizwa mmoja mmoja ndani ya kikaputula cha kitambaa na kuning'inizwa kwenye mzani. Wengi wanalia. Muuguzi anasoma kilo, anatia nukta kwenye karatasi ya mtoto, anaita mwingine. Huku nyuma, kwenye benchi, kunaendelea kupima kwingine kusikohitaji mzani: kila mama anaangalia mashavu ya mtoto wa mwenzake.

Mtoto mwenye mikono yenye mikunjo anapita kutoka mapaja ya huyu hadi ya yule. Mama yake anapongezwa kama mtu aliyefaulu mtihani. Mwenye mtoto mwembamba anangojea swali ambalo karibu kila mwanamke wa Katanga amewahi kulisikia: «Uyu mutoto anakonda hivi, munamupatiaka nini?»

Swali linaonekana kumhusu mtoto. Kwa kweli linamhusu mama, na bwana yake, na mfuko wao. Kwa hiyo mama hatamjibu mwenzake kwamba nukta ya mtoto wake iko mahali pazuri kwenye karatasi. Atarudi nyumbani akitafuta namna ya kumnonesha.

Katika mji huu, kama katika miji mingi ya Congo, kunona ni habari njema. Tumbo la mwanaume ni alama ya kwamba mshahara unafika. Mwanamke aliyeolewa akibaki mwembamba, ukoo wake unaanza kujiuliza kama bwana anamtunza. Kukonda kunaleta mawazo mengine: njaa, minyoo, huzuni, na tangu miaka ya 1980, ukimwi. Mtoto mdogo haepuki hesabu hiyo. Mwili wake unasomwa na majirani kama barua ya wazi juu ya nyumba anamotoka.

Kampuni iliyolisha watoto

Likasi ina sababu zake za pekee za kuamini kilo. Mji huu, uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikua kwa shaba. Panda na Shituru, ambazo leo ni komini mbili kati ya nne za mji pamoja na Kikula na Likasi yenyewe, zilijulikana kwanza kama sehemu za viwanda na makambi ya wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906.

Mwanzoni kampuni hiyo ilichukua wanaume peke yao, kwa muda mfupi, na wengi walikufa kwa magonjwa au walirudi makwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili njia: ikawataka wafanyakazi wakae na wake zao, wazae, na watoto wakulie kambini. Tangu hapo tumbo la mtoto likawa jambo la kampuni. Mfanyakazi alipata posho kwa ajili yake, ya mke na ya watoto: unga, maharagi, mafuta, samaki au nyama. Watoto wachanga walipimwa na wauguzi. Wakubwa kidogo walipata chakula kwenye kantini, na akina mama walifundishwa kupika na kushona kwenye «foyer social».

Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa waliosimamia siasa hiyo, aliandika juu yake mwaka 1946, akihesabu matunda ya miaka ishirini. Hesabu yenyewe haikuwa ya huruma peke yake. Mtoto aliyelishwa vizuri kambini alikuwa mfanyakazi wa baadaye, asiyehitaji kutafutwa mbali. Lakini kwa mama aliyekuwa akimwona mtoto wake ananona, sababu za mzungu hazikuwa na maana kubwa. Alichokiona ni kwamba kazi ya bwana yake inaonekana kwenye mashavu ya mtoto. Watu wa Katanga waliweka jambo hilo kwa maneno machache ambayo wazee wa Likasi wanayarudilia hadi leo: kazi njo baba, njo mama.

Kampuni ikawa ya taifa, ikaitwa Gécamines, na posho ikaendelea. Kisha ikaanguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, uporaji wa 1991 na fujo za miaka iliyofuata, haikufikisha hata tani 50.000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mnamo 2003 zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa «kuondoka kwa hiari», wakiwa na malipo ya mara moja mkononi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikwisha kuandika kitabu mwaka 2001 chenye jina linalosema yote: «Bana Shaba abandonnés par leur père». Baba aliyewaacha watoto wa shaba ni kampuni.

Wale waliokula kwenye kantini wakiwa wadogo leo ni babu na bibi. Wengi wao ndio wanaolea wajukuu, maana wazazi wako kwenye machimbo, sokoni, au wamekwenda Kolwezi na Lubumbashi kutafuta. Bibi wa namna hiyo anapomwona mjukuu mwembamba, anaona zaidi ya mtoto. Anaona miaka ya 1990 inarudi. Ni vigumu kumwambia kwamba anakosea, kwa sababu njaa ile ilikuwa ya kweli.

Sahani moja, mikono mingi

Bukari ndiyo inayoitwa chakula. Mtu anaweza kula mkate asubuhi, muhogo saa sita na ndizi njiani, na jioni akasema hajakula tangu asubuhi, na hakuna atakayemshangaa. Tumbo linajazwa na bukari, mengine ni kupitisha muda. Unga wa mahindi nao unategemea sana kile kinachotoka Zambia. Ukame ulipoharibu mavuno ya nchi hiyo mwaka 2024, hadi serikali yake ikatangaza janga la taifa, kila nyumba ya Haut-Katanga ilihisi.

Unga ukipanda bei, bukari haipunguzwi kwanza. Kinachopunguzwa ni kile kinachoisindikiza. Samaki wanakuwa wadogo, kisha wanakuwa kitoweo cha kunusa tu, na sombe inapikwa bila karanga. Watoto wanaendelea kushiba, na hapo ndipo wazazi wanapodanganyika. Unga mweupe uliokobolewa unatoa nguvu ya kucheza na kujaza tumbo, lakini una kidogo cha vile vinavyojenga mifupa, damu na nyama ya mwili. Vitu hivyo vinapatikana kwenye maharagi, karanga, mayai, ndakala, maziwa, matunda, mboga za majani, na vinkubala vinavyouzwa sokoni msimu wake ukifika.

Namna ya kugawa nayo ina neno lake. Katika nyumba nyingi baba anatengewa sahani yake, na kipande kikubwa kiko humo. Firigisi ya kuku ni yake bila mjadala. Watoto wanazunguka sahani moja, mkubwa wa miaka kumi na mdogo wa miaka mitatu, na mchezo unajulikana: mwenye mkono wa haraka ndiye anashiba. Mama akitazama sahani tupu anasema watoto wamekula. Nani kati yao amekula, hajui. Kuna pia familia ambamo mtoto hapewi yai kwa kuogopa atazoea vitu vitamu na kuwa mwizi. Yai hilo hilo linauzwa sokoni, na pesa yake inanunua unga.

Hiyo ndiyo sababu mtoto anaweza kushiba kila siku na asikue. Mwaka 2013-2014, uchunguzi mkubwa wa afya wa nchi nzima ulikuta kwamba watoto 43 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Uchunguzi mwingine wa 2017-2018 ulikuta 42. Katikati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na miradi, semina na mabango mengi.

Ufupi huo hauonekani kwa jicho la jirani. Mtoto aliyezuiwa kukua hana lazima awe mwembamba. Kilo zake zinalingana na urefu wake, mashavu yamejaa, anacheza. Kinachokosekana ni sentimita kumi ambazo hakuna anayezitafuta. Akiwekwa kando ya mwenzake wa umri ule ule, familia ina jibu tayari: ni wa ukoo, hata baba yake si mrefu. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza vipimo vyake vya mwaka 2006, lilifuata watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa katika hali nzuri. Hadi miaka mitano walikua karibu sawasawa. Ukoo unaanza kusema kwa nguvu baadaye. Katika miaka ya kwanza, kinachosema zaidi ni chakula, maradhi na usafi wa maji. Na wakati wa kurekebisha ni mfupi: tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili hivi.

Kuvimba na kunona

Kosa baya zaidi la jicho ni hili. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameachishwa ziwa kwa sababu mama ana mimba nyingine. Anakula bukari na maji ya mboga. Baada ya wiki kadhaa uso wake unakuwa wa mviringo, miguu inajaa, na bibi anafurahi: hatimaye mtoto ananona. Akipelekwa kwenye mzani, kilo nazo zimepanda.

Lakini yale ni maji. Ni kwashiorkor, ugonjwa ambao daktari Cicely Williams aliuelezea mwaka 1935 kwa jina alilolikuta kwa Waga wa Ghana, jina la ugonjwa wa mtoto anayepokonywa nafasi na mdogo wake. Wasomaji wa Kivu wanaujua kwa jina la bwaki. Mtoto anavimba huku nyama ya mwili wake inayeyuka ndani, na mtoto aliyevimba hivyo anaweza kufa haraka kuliko yule ambaye mbavu zake zinahesabika na kila mtu anamhurumia.

Namna ya kutofautisha inajulikana kwa kila muuguzi na haihitaji chombo. Unabonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo, miguu yote miwili, kwa sekunde tatu. Ukiondoa kidole na shimo likabaki pande zote mbili, huyo hajanona. Kuna alama nyingine: nywele zinageuka rangi ya udongo na kung'oka kwa urahisi, ngozi inachubuka, mtoto ananyamaza, hataki kucheza, na chakula anakikataa. Huyo anapelekwa kituo cha afya siku ile ile, hata kama ni siku ya soko. Kumsukumia bukari nyingi nyumbani, au kumpa dawa za kukojoza maji, kunaweza kumuua.

Wauguzi wana pia ule utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kijani ni milimita 125 na kupanda. Manjano ni hatari. Nyekundu, chini ya 115, ni utapiamlo mkali, na matibabu yake yamepangwa kwa utaratibu wa taifa unaosimamiwa na PRONANUT. Utepe ule nao una mpaka wake: mtoto aliyevimba anaweza kuonekana kijani. Ndiyo maana muuguzi mzuri anaangalia na miguu.

Kidonge cha mashavu

Mama anayetaka mashavu haraka hakosi mtu wa kumsaidia. Katika miji ya Congo vidonge vya kunonesha vinauzwa mchana kweupe, kwenye maduka ya dawa na kwa wanaotembeza njiani, bila karatasi ya muganga. Vinavyotumika zaidi ni vya aina mbili, mara nyingi pamoja. Cha kwanza ni siproheptadini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mzio, ambayo inaleta usingizi na njaa. Cha pili ni deksametazoni, dawa kali ya kundi la kortizoni, inayookoa maisha hospitalini ikitolewa na anayeijua.

Watafiti wa École de Santé Publique ya Kinshasa walichapisha mwaka 2016 uchunguzi juu ya matumizi mabaya ya siproheptadini katika mji mkuu, wakaiweka pamoja na tabia zinazofungulia mlango magonjwa yasiyoambukiza. Wanaozungumziwa humo ni watu wazima wanaotafuta umbo. Lakini kidonge kinachokaa nyumbani hakimjui mwenye nyumba. Mama aliyeona kinamfaa anavunja nusu, anasaga, anachanganya na uji wa mtoto anayekataa kula.

Mtoto anaanza kula, kweli. Anasinzia pia darasani na anachelewa kuamka. Kama ndani kuna deksametazoni, uso wake unajaa na kuwa kama mwezi, na familia inashukuru, kumbe mafuta na maji vimehamia usoni huku mifupa ikipunguza mwendo wa kukua. Dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu inapandisha sukari na msukumo wa damu, inalegeza kinga ya mwili, na inalaza tezi zinazotengeneza kortizoni ya mwili wenyewe. Mtu akiiacha ghafla, au akishikwa na malaria kali katikati, mwili unaweza kushindwa kusimama. Mzazi aliyekwisha kumpa mtoto dawa hiyo kwa wiki nyingi asiikate peke yake kwa woga: aende kwa muganga na aseme wazi alichompa. Aibu ya dakika tano ni ndogo.

Inashangaza kidogo kuona kwamba mtoto huyu mfupi, ambaye alihitaji maharagi na yai, anamaliza akiwa mfupi vile vile, na uso mpana. Jirani anasifu.

Upande wa pili wa mzani

Wako pia wanaonona kweli. Mnamo Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, watoto wa umri wa shule na vijana walio na unene wa kupindukia duniani wamepita wale wenye uzito mdogo: asilimia 9,4 dhidi ya 9,2. Ripoti iliacha nje sehemu mbili, Asia ya Kusini na Afrika kusini mwa Sahara, ambako wembamba bado unaongoza. Congo imo katika sehemu hiyo ya pili, na kwa hiyo wengi wanasema unene wa watoto ni shida ya wazungu.

Ndani ya mji mambo hayako hivyo kabisa. Mwaka 2019 waganga wa Lubumbashi walichapisha uchunguzi wao juu ya uzito wa kupita kiasi kwa vijana walioko masomoni, na kama kawaida ya miji mingi ya Afrika, wasichana ndio waliokuwa mbele. Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka huko, kwenye barabara ile ile inayopitisha malori ya shaba na makarto ya biskuti.

Mtoto wa mwenye pesa anapelekwa shule kwa gari, mfukoni ana biskuti na sukre ya chupa, na akirudi anakaa mbele ya televisheni kwa sababu njiani kuna malori na vumbi. Hata mtoto asiye na gari anajaa sukari: chai ya asubuhi ina vijiko vitatu au vinne, vitumbula vya mlangoni mwa shule vimeogelea mafuta, na mia kadhaa za franka zinatosha kununua vimaji vya rangi ndani ya sashe. Vitu hivyo ni rahisi kuliko chungwa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye kisukari, binti wa miaka kumi na tatu mwenye uzito mkubwa, na kaka mdogo mfupi kwa umri wake, wote wakila kwenye sufuria moja.

Kuna hofu moja ya kuondolewa hapa. Mtoto mchanga anayenyonya ziwa la mama peke yake, na ambaye ana mikunjo hadi kwenye vifundo, hana ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linataka ziwa tupu kwa miezi sita ya kwanza, na mtoto huyo atapungua mwenyewe akianza kutembea. Vivyo hivyo mtoto mwembamba ambaye nukta zake zinapanda sambamba na mstari, anacheza na analala vizuri, hahitaji dawa yoyote. Ameumbwa hivyo.

Jina linalobaki

Maneno yanayosemwa juu ya sahani hayapimwi na mtu. Mtoto mnene anasifiwa hadi miaka sita au saba. Halafu, bila onyo, sifa zinageuka mzaha. Shati la bluu na nyeupe la shule halifungiki, anapewa jina la mnyama mkubwa au la gunia, na wakubwa wanacheka pamoja na watoto wengine. Tantine aliyekuwa akimwongezea kijiko ndiye anayemwambia mbele ya wageni kwamba sasa amezidi.

Msichana anapata adhabu ya pekee. Mwenye umri wa miaka kumi na mmoja na mwili uliojaa anaanza kuitwa «mama» njiani. Wasichana wenye uzito mkubwa mara nyingi wanavunja ungo mapema kuliko wenzao, na watu wanasahau hesabu ya miaka. Anatumwa kazi za mtu mzima, anaangaliwa kama mtu mzima, na wanaume wengine wanaona kisingizio humo. Nyumbani anaambiwa avae nguo pana, kama kwamba kosa ni la kwake. Mwenzake mwembamba anaambiwa hataolewa.

Na mtoto anayekula sana bila kunona, mwenye tumbo kubwa na miguu kama vijiti, yuko katika hatari mbaya zaidi. Minyoo inaweza kueleza hali hiyo, na vidonge vyake ni vya bei ndogo. Lakini nyumba yenye vifo au umaskini wa ghafla inaweza kutafuta maelezo mengine, na kuna wahubiri wanaoyauza. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2010 juu ya watoto wanaoshitakiwa uchawi katika Afrika ilionyesha kwamba umbo la mwili ni mojawapo ya mambo yanayomfanya mtoto ashukiwe. Katiba ya Congo ya 2006 inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inaweka adhabu ya kifungo. Mtoto mwenye tumbo la minyoo hajui sheria hizo. Anajua tu kwamba wamemtengea kijiko chake.

Alama ya makala mlangoni

Karatasi ya kupima watoto ina kasoro inayofahamika kwa wanaoitumia. Kilo huandikwa kila mara, urefu mara nyingi husahaulika, kwa sababu kumlaza mtoto kwenye ubao na kumnyoosha miguu huku analia kunataka watu wawili na muda, na foleni ni ndefu. Baada ya miaka mitano mtoto hapimwi tena na mtu yeyote hadi augue.

Urefu unaweza kupimwa nyumbani. Mtoto anayesimama mwenyewe anaegemea mlango bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ubao, kitabu kinalazwa juu ya kichwa chake, na mzazi anachora mstari kwa kipande cha makala au kalamu, na tarehe pembeni. Mwaka wa pili wa maisha, mtoto anatazamiwa kuongeza sentimita kama 12. Kati ya miaka mitatu na kumi, anaongeza tano hadi saba kila mwaka. Watoto wanaupenda mchezo huo kuliko mzani, na hakuna anayelia.

Ikiwa mwaka umepita na mstari mpya umekaa juu ya ule wa zamani, mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya, hata kama mashavu yamejaa.